Mchubuko wa nyasi bandia usioshwe ziwani

MCHEZAJI akiteleza kwa goti juu ya nyasi bandia, ngozi husuguana na plastiki, joto hupanda na tabaka la juu huchunika. Jeraha hilo ni mchubuko na pia ni mwunguzo. Ndiyo maana huuma kuliko ukubwa wake.

Kwa vijana wa Kisumu na fuo za jirani, kutoka Dunga hadi Usenge, kishawishi baada ya mechi ni kujitosa ziwani. Hilo ni kosa. Maji ya Ziwa Victoria yana viini vinavyoozesha vidonda, na vimelea vya kichocho hupenya hata ngozi isiyo na jeraha.

Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji safi yatiririkayo, chembe zote za mpira na mchanga zitolewe, kisha kipakwe vaselini na kufunikwa kwa bendeji safi, ibadilishwe kila siku. Wengi hukianika juani kikauke, ilhali chenye unyevu hupona upesi zaidi. Majivu na dawa ya meno, la hasha.

Chanjo ya pepopunda ikiwa imepitwa na wakati, muuguzi aonwe. Uvimbe unaoenea, usaha au homa pia havingoji kesho.

Kabla ya mechi, soksi ndefu, bukta ya kubana na vaselini magotini hupunguza msuguano. Taulo nayo isizungushwe, kwani bakteria huhama nayo.