MDOMO WA SHIMO USIACHWE WAZI



Dhahabu ya Busia imechimbwa tangu miaka ya 1930, na mpaka leo katika mashimo mengi ya Tiira mawe hupandishwa kwa kamba. Mmoja huchimba chini, wa pili huzungusha winchi ya mkono, na wa tatu hupokea ndoo mdomoni mwa shimo.

Tukitaja hatari ya shimo, wengi humfikiria mchimbaji aliye chini. Ni haki. Lakini leo tunataka kumzungumzia huyu mpokeaji. Yeye huinama, hunyosha mkono na kuvuta ndoo nzito kwake, huku miguu iko ukingoni penye udongo uliolowa. Ndoo ikiyumba humvuta, naye hana cha kushika. Akianguka mita 20, atafika chini kwa sekunde 2 tu, kwa mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Hapo huumia yeye pamoja na mwenzake aliye chini.

Katika viwanda na maghala yenye lifti za mizigo iko kanuni moja: mlango wa ghorofa usifunguke mpaka lifti iwe imefika hapo. Mlango ulio wazi bila lifti ni shimo. Tena lifti ina breki. Mwaka 1854 Elisha Otis aliwaonyesha watu wa New York, Marekani, breki inayolishika jukwaa kamba ikikatwa. Winchi ya mkono haina breki hiyo. Kwa hiyo sisi inatupasa kujilinda hivi:

1. Shimo lizungushiwe uzio wa nguzo na magogo, kimo cha kiuno. Upande wa kupokelea uwekwe gogo la kufungua na kufunga. Lifunguliwe ndoo ikiwa imefika juu, si kabla.

2. Winchi iwe na kigingi cha kuizuia, ili mzigo usitegemee nguvu za mikono wakati wa kupokea.

3. Mpokeaji ajifunge mkanda na kamba yake mwenyewe, iliyofungwa kwenye nguzo imara, si kwenye winchi. Kamba iwe fupi, isimfikishe ndani ya shimo.

4. Ndoo isijazwe mpaka kufurika. Inapopanda, aliye chini akae pembeni.

5. Mtu asipande wala kushuka kwa ndoo ya mawe.

6. Kamba ikaguliwe kila asubuhi kutoka mwanzo hadi mwisho. Iliyolika itupwe, isiungwe kwa fundo.

7. Shimo lililoachwa lifukiwe. Watoto hupita hapo.

Je, ni nani wa kununua magogo na mikanda? Ni mwenye shimo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi, nayo inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali penye hatari kubwa. Sheria ya Fidia nayo yasema kuwa mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, waliomtegemea kabisa hulipwa mapato yake ya miezi 60.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuna mshahara wa mwezi. Tunalipwa kwa magunia ya mawe. Ajali ikitokea, mwenye shimo husema, "Huyu si mtu wangu." Basi kila kikundi kiwe na daftari. Kila siku liandikwe jina la kila mtu, shimo alimofanya kazi, mwenye shimo ni nani, na malipo aliyopata. Daftari hilo ndilo shahidi wa mjane.

Mfanyakazi mmoja akikataa kupokea ndoo penye ukingo wazi, atafukuzwa na mwingine kuitwa. Tukikataa sote, gogo litapatikana siku hiyo hiyo.

Gogo halijawekwa, kazi haijaanza.