SHA au Bima ya Kampuni: Lipi Linamfaa Mfugaji wa Banissa? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi NHIF, bima ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1966, ilivyoipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) tarehe 1 Oktoba 2024. Leo tuilinganishe SHA na bima za kampuni, tukiwa Banissa, Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Kampuni huuliza umri wako na maradhi uliyo nayo, ndipo ipange bei. Mzee mwenye kisukari huongezewa malipo, huwekewa muda wa kungoja, au hukataliwa. SHA haijali hayo. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, awe mzima au mgonjwa.

Ugumu humkuta asiye na mshahara. Mfugaji huulizwa kuhusu nyumba, maji na choo ili uwezo wake ukadiriwe, kisha hutakiwa alipe mchango wa mwaka kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mali yake lakini iko malishoni. Mvua ikikosekana mbuzi hukonda, bei mnadani huanguka, na ndicho kipindi ambacho watoto huugua zaidi.

Afueni ipo kwenye zahanati na kituo cha afya. Matibabu ya hapo hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, kwa fedha za kodi; mgonjwa hutakiwa tu awe amesajiliwa. Usajili nao hutaka kitambulisho, na watu wa mpakani walikipata kwa taabu, wakipigwa msasa, hadi Rais alipotangaza kufuta utaratibu huo Februari 2025.

Kadi ya kampuni, kwa upande wake, humfaa mwajiriwa wa benki au shirika anayeweza kusafiri hadi Nairobi, ziliko hospitali nyingi zenye mikataba na kampuni hizo.

Hata hivyo, bima yoyote hulipa bili tu. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku kule Malkamari anahitaji kwanza ambulensi, barabara inayopitika na mkunga aliye kazini. Tangu ugatuzi wa 2013, zahanati, ambulensi na wakunga ni jukumu la kaunti. Basi kabla ya kubishana kuhusu kadi, wakazi waisome bajeti ya afya ya Mandera na kuuliza Banissa imetengewa nini.

Juma lijalo: takaful, bima ya Kiislamu iliyowalipa wafugaji wa Wajir fidia ya ukame mwaka 2014. Je, yaweza kubeba matibabu?