Kamera ya Filimu: Mapenzi ya Miaka Arobaini na Amana ya Picha za Nyumbani

Katika harusi moja ya siku hizi, mwenye simu mmoja aweza kurudi nyumbani na picha mia tatu kabla sahani za pilau hazijaondolewa. Ikipita miezi, simu imejaa au imeibiwa, au imeanguka majini pale kivukoni Likoni, na picha zote zimekwenda nayo. Lakini lifungue kabati la bibi, utaikuta bahasha ya karatasi iliyogeuka rangi, na ndani yake picha nne au tano zenye kingo za menomeno. Picha hizo zimeshuhudia masika mengi, zimehama nyumba na kupita katika mikono ya wajukuu, na hata leo nyuso zaonekana wazi.

Makala haya yazungumzia kamera zilizopiga picha hizo. Mimi ni mmoja wa waliozipenda tangu ujana na wasioweza kuziacha. Ninayo Pentax K1000 niliyotunukiwa na marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia, mwaka 1981, nami ningali ninaitumia. Mapenzi haya hayashindani na simu. Nakipenda chombo kilichonifunza subira, kisha kikanipa kazi ya amana miongoni mwa wanawake wenzangu.

Chumba chenye giza

Neno kamera asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Jina hilo lina sababu. Ukikaa katika chumba chenye giza, na dirishani pakawa na tundu dogo moja tu, mandhari ya nje hujichora ukutani ikiwa imepinduka juu chini. Mmoja wa waliolichunguza jambo hili kwa makini ni mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Misri miaka yake ya baadaye. Aliutazama mwanga wa jua lililopatwa ukipita katika tundu, akapima na kueleza. Kitabu chake kikubwa juu ya kuona na mwanga, Kitab al-Manazir, kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Kilichokosekana ni kitu cha kuishika ile sura isipotee. Hicho kilipatikana katika karne ya 19, watu walipojua kuzitumia chumvi za fedha, ambazo hubadilika zikipigwa na mwanga. Ni fedha ile ile ya vikuku na mikufu yetu. Haukupita muda mrefu, na kamera ikafika katika ardhi tukufu. Muhammad Sadiq Bey, mhandisi wa jeshi la Misri, alipiga picha Madina mwaka 1861, na mwaka 1880 akapiga Makkah. Picha hizo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zijulikanazo za miji hiyo miwili.

Wakati huo kamera ilikuwa mzigo wa punda. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman aliitoa Kodak, kamera ya mkononi yenye filimu ya kukunjwa ndani, na mwaka 1900 ikafuata Brownie, kisanduku kilichouzwa dola moja. Mwaka 1925 Wajerumani wakaileta Leica sokoni, kamera ndogo itumiayo filimu ya upana wa milimita 35, iliyokuwa ya sinema. Kipimo chake cha fremu, milimita 24 kwa 36, ndicho kilichoenea duniani na kutufikia sote.

Katika watu wetu wa Afrika Mashariki, aliyeonyesha kamera yaweza kufika wapi ni marehemu Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanza utotoni na Brownie iliyokwisha kutumiwa, na mwaka 1963 akaanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliiamsha dunia. Alipiga pia picha za Hija, zikatoka katika kitabu mwaka 1978. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko mjini Addis Ababa, na bado akarudi kazini. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa ikaangukia baharini karibu na Ngazija.

Studio za pwani yetu

Kwa familia nyingi, kamera haikuwa ya nyumbani. Picha ilikuwa safari: watu huoga, huvaa kanzu na kofia zilizopigwa pasi, wakenda studio. Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyowapokea watu tangu miaka ya 1940 hadi ya 1980, wakiwamo maarusi, marafiki, na wazazi na wana wao. Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe na kubuni mtindo wake wa kukata na kuunganisha picha, hata uso wa mtu ukachomoza ndani ya ua. Na pale Likoni, wapiga picha walijenga vibanda karibu na kivuko, wakatundika mapazia yaliyochorwa merikebu na ndege, msafiri akapiga picha kama kwamba yuko ng'ambo.

Hao hawakuwa wauza karatasi tu. Mikononi mwao mlipita sura za vizazi vitatu vya pwani hii, nyingi za watu ambao hawakuandika kitabu wala kutajwa gazetini. Bibi aliyeishi na kufa asijulikane nje ya mtaa wake, huenda alama pekee ya uso wake duniani ni picha moja ya studio.

Thelathini na sita tu

Filimu moja ya milimita 35 ina picha 24 au 36. Zikisha, zimekwisha, na kila moja ina bei yake. Ndiyo sababu mpiga picha wa filimu hutazama kwanza. Hungoja mtoto aache kulia, na wingu lipite. Hupima mwanga kwa jicho: katika jua kali la mchana, ukiwa na filimu ya nambari 100, tundu la lenzi huwekwa 16 na kasi huwa 1/125 ya sekunde. Kanuni hiyo niliishika kwa moyo kabla sijaijua sababu yake. K1000 yangu haihitaji umeme kufungua wala kufunga. Betri ni ya kipimo cha mwanga peke yake. Ikiisha, kamera yaendelea.

Kisha kuna kungoja. Huoni ulichokipiga hata filimu ioshwe, pengine baada ya wiki mbili, na katika muda huo hukumbuka tukio kwa moyo, si kwa kioo cha simu. Wajukuu zangu huniuliza, "Bibi, wawezaje kuvumilia?" Nami huwajibu kwamba kungoja ni sehemu ya utamu wake, kama kungoja futari.

Sitara ya picha

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili kwa wanawake. Masheikh wetu wamehitilafiana katika suala la picha tangu kamera zilipoingia, na si kazi ya makala haya kuwaamulia. Lakini hata waliopiga picha bila wasiwasi, walijiuliza suali moja: nani ataiona?

Filimu ilipaswa kupelekwa dukani kuoshwa, na muoshaji kwa kawaida ni mwanamume asiye maharimu. Miaka ya themanini, jamaa yangu mmoja aliolewa, akapigwa picha siku ya kupamba, kichwa wazi, na vikuba vya asumini shingoni. Filimu ikapelekwa katika studio moja mjini. Baada ya mwezi, picha yake ikaonekana dirishani mwa duka, imewekwa kivutio cha wateja, bila ya yeye kuulizwa. Wazee walikwenda wakaiomba, ikatolewa. Lakini waliokwisha kuiona walikwisha kuiona, na kwa muda mrefu bibi harusi yule aliiepuka njia ile.

Tangu hapo nikaamua kujifunza kuosha mwenyewe. Filimu nyeusi na nyeupe yawezekana kuoshwa nyumbani. Nilipachika blanketi dirishani mwa bafu, nikaiingiza filimu katika kisanduku chake gizani totoro, kwa kupapasa. Kisha zikafuata dawa tatu: ya kuiibua sura, ya kuisimamisha, ambapo hata siki nyeupe iliyozimuliwa hufaa, na ya kuikaza isipotee. Tabu yetu ya pwani ilikuwa joto. Dawa za kuibua sura hupimwa kwa nyuzi 20, na maji yetu ya bomba wakati wa kaskazi hukaribia 30. Nikawa naweka chupa za dawa katika karai la barafu, na kipimajoto mkononi. Filimu za rangi ziliniweka mbali, kwani dawa zake zataka nyuzi 38 zisizopanda wala kushuka, na hiyo ilikuwa kazi ya mashine.

Basi nikawa naitwa. Siku za hina na za kupamba nilipiga nyeusi na nyeupe, nikaosha usiku, nikachapa chini ya taa nyekundu. Mwenye shughuli nilimkabidhi picha zote pamoja na negativu zake, mkononi mwake. Mbele ya macho ya wanaume picha ile haikupita, na nakala nyingine haikuwako. Wengine waliniambia kwamba hiyo ndiyo picha pekee waliyokubali kupigwa maishani mwao.

Mlinganishe na leo. Picha ya simu hujinakili: ipo kwenye simu, ipo kwenye hifadhi ya mtandao, ipo katika kundi la jamaa, na anayeipokea aweza kuituma kwa asiyejulikana. Ndiyo maana kadi nyingi za harusi siku hizi huja na ombi la kutopiga picha ukumbini. Dirisha la duka lilitazamwa na mtaa mmoja. Dirisha la mtandao halina mtaa wala mwisho.

Dijitali na kurudi kwa filimu

Haitakuwa insafu kuilaumu teknolojia mpya na kunyamazia kheri zake. Mama aliye Mombasa humwona mjukuu aliyezaliwa Maskati siku ile ile. Ajabu ni kwamba kamera ya dijitali ilizaliwa nyumbani mwa filimu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, aliunda chombo cha uzito wa kilo tatu na nusu hivi, kilichochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kampuni hiyo hiyo iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012.

Wengi walidhani filimu imezikwa. Haikuzikwa. Ilford ya Uingereza ingali ikitengeneza filimu nyeusi na nyeupe. Kodak ilirudisha Ektachrome sokoni mwaka 2018, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya kabisa ya filimu, Pentax 17. Wanaozinunua wengi wao ni vijana waliozaliwa simu zikiwa tayari zimejaa picha. Huku kwetu filimu si rahisi kupatikana, na bei yake si ya mchezo, kwa hivyo siwahimizi watu wote waifuate. Lakini kuzitunza zilizokwisha kupigwa ni jambo la kila nyumba.

Kuitunza amana

Adui wa kwanza wa pwani ni unyevu. Kamera iliyofungiwa kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi huota kuvu kwenye lenzi, nyuzinyuzi mfano wa utando wa buibui, na kioo huliwa. Itoeni mkobani, iwekeni katika chombo cha kufunga barabara pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu viletwavyo na viatu vipya, na muitumie mara kwa mara, kwani kamera ipatayo hewa na mwanga haioti kuvu upesi.

Negativu zina thamani kuliko picha zenyewe, maana kwazo picha mpya huzaliwa. Zishikeni kingoni, zitieni katika bahasha za karatasi, kila ukanda mbali na mwenziwe. Albamu zenye kurasa za gundi huharibu picha. Zikiwa zimekwisha kunata, msizibandue kwa nguvu. Picha iliyogandama na kioo cha fremu ipigeni picha ikiwa hapo hapo. Za rangi ndizo zipaukazo mapema, basi nakala zianze na hizo. Na mtakaponakili picha za mabibi waliokuwa wazi, kazi hiyo ifanywe na mwanamke wa nyumbani, na nakala isitumwe katika kundi lolote.

Lililo kubwa kuliko yote halihitaji fedha. Geuzeni picha, mwandike nyuma kwa penseli laini: nani huyu, mwana wa nani, wapi, mwaka gani. Picha isiyo na jina, akishafariki wa mwisho kumjua aliyemo, huwa ni uso wa mgeni, na wengi wamezitupa picha za mabibi zao wenyewe kwa kutojua. Katika kila ukoo wetu yuko mzee mmoja au wawili wawezao bado kuyataja majina yale. Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, mpelekeeni bahasha, mkae naye, na penseli iwe mkononi.