Kabla ya Kununua Chujio, Onja Maji

Anayefunga tela la kulala nyuma ya Land Cruiser na kushika njia ya Msimbati huwa ameshaulizia tairi, dizeli na samaki. Maji huyaulizia akifika. Kiangazi kimoja niliikuta familia kutoka Dar es Salaam pale ufukweni, tela lao lina chujio la hatua tatu ubavuni, pampu ya volti 12 inanguruma, maji yanatoka meupe kama kioo. Baba akanimiminia kikombe. Yalikuwa na chumvi ileile yaliyotoka nayo kisimani.

"Fundi, chujio limeshakufa?"

"Halijafa, kaka. Umelipa kazi isiyo yake."

Chujio, liwe la udongo wa kuchoma au la plastiki, ni ungo. Matundu yake hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Tundu la mikroni 5 hukamata mchanga na tope. La mikroni 0.2 hukamata vimelea vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na amiba. Virusi hupenya. Chumvi iliyoyeyuka haijui hata kama kuna ungo. Kaboni nayo, ule mkaa maalumu, hunyonya klorini na harufu. Chumvi inaiacha ilivyo.

Na huku kwetu chumvi ndiyo habari yenyewe. Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ni nchi ya mchanga. Kwenye mchanga kama huo mvua huzama, kisha huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kidogo. Kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita kama 40 chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu: pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 na kuyashikilia hapo, chumvi ya chini yaweza kupanda mita 4. Ndiyo maana kisima kinachotekwa kwa ndoo chaweza kubaki kitamu miaka na miaka, kikifungwa pampu kikaanza kukolea.

Ipo mashine ya kutoa chumvi, ile inayosukuma maji kwenye utando usio na matundu ya kuonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Kwa maji ya bahari, yenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita, inadai mgandamizo unaozidi mara 20 ule wa tairi la gari dogo. Pampu ya tela haifiki hata karibu. Maji ya kisima yenye chumvi kiasi ni nafuu, lakini mashine hizo humwaga sehemu kubwa ya maji ili zikupe kidogo. Kwenye hoteli, sawa. Kwenye tela naona ni kutupa fedha.

Chukua maji ya kunywa na kupikia mjini Mtwara. Watu watano, siku nne, lita 4 kila mmoja kwa siku: lita 80, madumu manne. Ya kisima yabaki ya kuogea na vyombo.

Chujio linapata kazi yake halali ukiwa kwenye maji baridi machafu, mathalani Ruvuma wakati wa masika, au ukielekea Msumbiji kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala. (Usichote mwenyewe ukingoni, mamba hawachagui wenyeji na wageni.) Acha maji yatulie kwenye ndoo, kisha yapitishe kwenye kanga kuukuu iliyokunjwa. Si ushamba huo: utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne ilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vimelea vyake hujishikiza kwenye vidudu vya majini ambavyo nguo huvikamata. Baada ya kanga, chujio la mikroni 5, halafu la 0.2 au 0.1. Kisha tia dawa ya klorini kwenye tangi, usubiri nusu saa, ivimalize virusi.

Kaboni iwe ya mwisho kabisa, kwenye bomba la kunywea. Wengi huifunga kwenye mdomo wa tangi. Hapo inaiondoa dawa kabla haijafanya kazi, na maji yanabaki bila mlinzi kwenye tangi linalochemka juani mchana kutwa.

Mshumaa wa chujio, ule wa udongo wa kuchoma, ni mzuri sana nyumbani. Wangu ulipata ufa kwenye mashimo ya barabara, nikaendelea kuunywea siku tatu bila kujua, na tumbo ndilo lililonipa taarifa. Kwa safari nunua ule wa nyuzi za plastiki zenye uwazi ndani, unaosafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume. Usiusuuze kwa maji ya chumvi: yakikaukia ndani huacha chembe zinazoziba matundu, na msimu ujao utanunua mwingine.