Mikanda Haikufungwa na Wote

Aprili 2003, wahudumu wa ndege wa American Airlines nchini Marekani walipiga kura ya kujipunguzia mshahara. Waliulizwa kama wako radhi kufanya kazi ileile kwa malipo pungufu ya takriban asilimia 16. Jibu la kwanza lilikuwa hapana, kwa tofauti ndogo. Muda wa kupiga kura ukaongezwa kwa siku moja, baadhi wakabadili msimamo, na Aprili 16 jibu likawa ndiyo.

Marubani walikuwa wamekwisha kukubali kukatwa asilimia 23. Mafundi na wapakiaji mizigo nao walitoa sehemu yao. Vyama vitatu vya wafanyakazi viliiachia kampuni zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa mwaka. Ukijumlisha na walichokatwa wasio na chama, hesabu ilifika bilioni 1.8.

Kilichowauma zaidi kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi nyingine. Jioni ya Aprili 15, kura zikiwa bado zinapigwa, kampuni mama, AMR, iliwasilisha ripoti yake ya mwaka kwenye tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa. Ripoti hiyo ilitakiwa kutoka mwishoni mwa Machi, lakini kampuni ilikuwa imeomba kuongezewa muda. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo wapiga kura hawakuambiwa. Wakuu wachache wa juu walikuwa wameahidiwa bonasi ya mara mbili ya mshahara wao wa mwaka iwapo wangebaki kazini hadi Januari 2005. Zaidi ya hapo, dola milioni 41 zilikuwa zimewekwa kwenye mfuko wa amana ili pensheni za wakuu 45 zisiguswe hata kama kampuni ingefilisika.

Waliokuwa wakiambiwa kwamba kampuni iko ukingoni mwa shimo wakagundua kwamba mabosi wao walikuwa wamejifungia kamba kiunoni.

Hali ya kampuni haikuwa ya kubuni. Septemba 11, 2001, ndege mbili kati ya nne zilizotekwa zilikuwa za American. Miezi miwili baadaye ndege yake nyingine ilianguka Queens, New York. Abiria waliadimika, na mwaka 2002 AMR ilipata hasara ya dola bilioni 3.5. Mkurugenzi mtendaji, Donald Carty, aliwaeleza wafanyakazi kwamba bila wao kukubali makato, njia iliyobaki ni mahakama ya ufilisi. Walijua maana ya maneno hayo. Sheria ya Marekani inamruhusu jaji wa ufilisi kuvunja mkataba wa pamoja kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi. Ukikataa kukatwa mezani, unaweza kukatwa mahakamani, tena zaidi.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini rubani asiache kazi akatafute kampuni nyingine? Hapo ndipo penye fundo la mambo. Katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani kila kitu hufuata ukongwe kazini: mshahara, aina ya ndege, ratiba, likizo, hata nani anapumzika sikukuu. Ukongwe huo hauhamishiki. Rubani mwenye miaka 20 ya kurusha ndege akihamia kampuni nyingine huanzia mwisho wa foleni, nyuma ya kijana aliyeajiriwa juzi. Mhudumu wa ndege naye ni vivyo hivyo. Hivyo wanabaki, mshahara upande au ushuke.

Bonasi za wakuu, kinyume chake, zilikuwa na sababu moja tu: kuwazuia wasiondoke. Aliyeweza kuhama alilipwa ili abaki. Asiyeweza kuhama alikatwa kwa sababu angebaki tu. Dola milioni 41 ni takriban senti mbili katika kila dola moja iliyotolewa na wafanyakazi kwa mwaka. Kwa vitabu vya kampuni, hilo lilikuwa tone. Lakini mfanyakazi hakuwa akipima ukubwa wa tone. Alikuwa akitazama nani amenyeshewa na nani amepewa mwavuli.

Carty aliomba radhi na bonasi zikafutwa, ingawa mfuko wa pensheni ulibaki. Vyama vilitishia kurudia kura. Aprili 24 akajiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Gerard Arpey. Makubaliano yalifupishwa kutoka miaka sita hadi mitano, na kampuni ikaepuka mahakama kwa wakati ule.

Arpey alijitahidi kujenga upya imani, kwa kaulimbiu ya kushirikiana na kushinda pamoja. Vyama vilikaribishwa kuona hesabu na kupendekeza mahali pa kubana matumizi, na mafundi walitafuta njia za kutengeneza ndege kwa gharama ndogo. Mwaka 2006 AMR ilipata faida ya dola milioni 231, ya kwanza kwa mwaka mzima tangu 2000. Hisa zilizouzwa chini ya dola 2 mwezi Machi 2003 zilivuka dola 35 mwanzoni mwa 2007.

Aprili mwaka huohuo mameneja mia kadhaa waligawiwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 150. Kampuni ilieleza kwamba malipo hayo yalifungamana na bei ya hisa, na kwamba bila malipo ya namna hiyo isingeweza kupata viongozi wazuri sokoni. Ni hoja yenye uzito wake: bodi hushindania wakurugenzi kama timu zinavyoshindania wachezaji. Lakini bei hiyo ya hisa ilikuwa imepanda kwa msaada wa mishahara iliyokatwa, na mishahara hiyo ilikuwa bado palepale ilipoteremshwa. Wafanyakazi wakaandamana na mabango.

American haikuwa peke yake. United iliingia kwenye ufilisi Desemba 2002, na mwaka 2005 ikautua mzigo wa pensheni za wafanyakazi wake kwa shirika la serikali la bima ya pensheni. Pengo lilikuwa dola bilioni 9.8, na bima ingefidia bilioni 6.6 tu. Kilichobaki kilikuwa jasho la watu: wastaafu waliopanga maisha yao kwa kiasi fulani walianza kupokea pungufu. Mfuko wa pensheni wa mkurugenzi Glenn Tilton, dola milioni 4.5 alizowekewa alipoajiriwa, haukuguswa. Kampuni ilipotoka mahakamani Februari 2006, asilimia 8 ya hisa mpya zilitengewa mameneja wapatao 400.

Watanzania wa umri mkubwa wanaukumbuka wito wa kufunga mikanda baada ya vita vya Kagera. Anayetoa wito wa namna hiyo hutazamwa kiunoni kwanza, na wako wakuu wa mashirika ya ndege waliolielewa hilo. Delta ilipotoka kwenye ufilisi mwaka 2007, mkurugenzi wake Gerald Grinstein alikataa malipo ya mamilioni aliyostahili na kutaka yaende kusaidia wafanyakazi wenye shida na masomo ya watoto wao. Huko Japani, Haruka Nishimatsu wa Japan Airlines aliushusha mshahara wake chini ya ule wa marubani wake, akawa anakwenda kazini kwa basi na kupanga foleni kwenye kantini na wafanyakazi. Hayo hayakuiokoa kampuni, kwani ilifilisika Januari 2010. Kazuo Inamori, aliyeitwa kuifufua, alifanya kazi hiyo bila mshahara huku maelfu ya watu wakipunguzwa. Machungu hayakuondoka, ila hakuna aliyeweza kumwambia kwamba ananenepa kwa njaa yao.

American yenyewe iliishia mahakamani Novemba 2011. Arpey aliondoka bila kiinua mgongo. Mrithi wake, Thomas Horton, alitengewa karibu dola milioni 20 katika mpango wa kuungana na US Airways, lakini mwaka 2013 Jaji Sean Lane alikataa kuyaidhinisha malipo hayo. Tangu 2005 sheria ya ufilisi ilikuwa imebana malipo kwa wakuu wa kampuni iliyo chini ya ulinzi wa mahakama. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipozilaza ndege chini, fedha za serikali za kulipia mishahara zilikuja na sharti la kuyawekea ukomo malipo ya wakuu, jambo lililopiganiwa na chama kimoja cha wahudumu kilichoongozwa na Sara Nelson.

Sharti hilo lilikuwa na mwisho wake. Malipo ya mwaka 2023 ya mkurugenzi wa American, Robert Isom, yalitangazwa kuwa dola milioni 31.4, sehemu kubwa ikiwa hisa. Wahudumu wake walikuwa hawajaongezewa mshahara tangu 2019. Wakasimama tena viwanjani na mabango, namba hiyo wakiijua kwa moyo.

Jambo moja walilodai lilianzia mlangoni mwa ndege. Kwa miongo mingi mhudumu wa Marekani aliwapokea abiria, akabeba mabegi, akatuliza watoto na kutatua ugomvi wa viti huku saa ya malipo yake ikiwa haijaanza kuhesabu, kwa kuwa ilisubiri mlango ufungwe. Septemba 2024 wahudumu wa American walipitisha mkataba mpya kwa asilimia 87 ya kura, wenye nyongeza ya papo hapo ya hadi asilimia 20.5. Na ndani yake mna malipo, ingawa si kamili, kwa zile dakika ambazo mlango bado uko wazi.