MIKWECHE YA MILIMANI: HISTORIA ISIYOFAA KUPIMWA KWA KILO

Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu, lakini dhahabu huokotwa na yule aitambuaye. Gari kuukuu la milimani likishazimika, mara nyingi mwisho wake huwa mmoja: hung'olewa injini, bodi ikakatwa vipande, na chuma chake kikauzwa kwa kilo. Fedha ipatikanayo huisha kwa juma moja. Kinachopotea hakirudi tena.

Hasara hiyo huonekana wazi zaidi katika mahali kama Cyangugu, mji wa wilaya ambayo tangu mwaka 2006 huitwa Rusizi, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Hapo ndipo mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni mji wa Bukavu. Msafiri atokaye Huye hana budi kuupita msitu wa Nyungwe, upatao mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Hupanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka hadi ziwani, kwenye mita 1,460. Leo njia hiyo ni ya lami. Kabla ya lami, tope la masika lilikuwa hakimu, na magari yaliyoshinda kesi yake yalikuwa yale yavutwayo na magurudumu yote manne.

ASILI YAKE

Magari hayo ni watoto wa vita. Jeshi la Marekani ndilo lililoagiza gari dogo la namna hiyo mwaka 1940, na kati ya 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford vilitengeneza Jeep zaidi ya laki sita. Vita vilipokwisha, Jeep nyingi zilibaki mashambani. Mwingereza Maurice Wilks, mkuu wa ufundi wa kampuni ya Rover, alikuwa na moja shambani kwake. Mwaka 1947 alianza kubuni gari litakaloshika nafasi yake, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam.

Uhaba ndio uliolipa umbo lake. Chuma cha pua kiligawiwa kwa kibali, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa alumini. Na rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Japani nayo haikukaa nyuma. Toyota ilitoa gari lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1951, ikaliita Land Cruiser mwaka 1954, na kuanzia 1960 hadi 1984 ikaunda magari ya mfululizo wa 40 ambayo mafundi wa Afrika huyasifu hadi leo.

Ubelgiji, iliyotawala Rwanda hadi tarehe 1 Julai 1962, ilikuwa na Land Rover yake ya pekee. Kuanzia mwaka 1952 kiwanda cha Minerva cha Antwerp kiliunganisha Land Rover kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo. Bodi ya Minerva ilikuwa ya chuma wala si ya alumini, na madigadi zake za mbele zilikatwa mshazari. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mchunguzi ni sumaku ndogo ya kutia mfukoni. Ikinata kwenye madigadi ya Land Rover ya miaka ya 1950, yafaa mtu asimame atazame tena.

MASHAHIDI WA MPAKANI

Mwaka 1967 waonyesha ni mambo gani gari kama hilo laweza kuwa limeyashuhudia. Mwezi Agosti mamluki walioongozwa na Jean Schramme waliuteka mji wa Bukavu. Jeshi la Kongo liliwazingira hadi mwanzoni mwa Novemba, ndipo wakavuka Rusizi na kuingia Cyangugu, ambako walinyang'anywa silaha na kuwekwa kizuizini. Walirejeshwa Ulaya mwezi Aprili 1968. Mwaka huohuo wa 1967, kaskazini kwenye milima ya Virunga, mtafiti wa sokwe Dian Fossey alitoroka Kongo mwezi Julai akiwa ndani ya Land Rover yake aliyoiita Lily. Aliingia Uganda, na tarehe 24 Septemba akaanzisha kituo cha Karisoke upande wa Rwanda.

Gari lililobaki tangu enzi hizo ni shahidi, lakini ni shahidi bubu asemaye kwa alama tu. Usukani ni alama ya kwanza. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Uganda, Tanzania na Kenya huendesha kushoto. Gari lenye usukani wa kulia likionekana Cyangugu, huenda lilitoka mashariki. Hata hivyo usukani wa Land Rover za zamani waweza kuhamishwa, hivyo namba ya chasisi ndiyo shahidi wa kuaminiwa zaidi. Kwa Land Rover fupi ya petroli ya Series IIA, iliyoundwa kuanzia 1961 hadi 1971, namba ianzayo na 242 ni ya gari lililouzwa nje likiwa na usukani wa kulia, na 244 ni la usukani wa kushoto.

Kwa sababu hiyo namba haisuguliwi, haipakwi rangi nzito, wala haihamishiwi gari jingine. Askari wa usalama barabarani ajua kwamba namba iliyochezewa ni dalili ya wizi. Mwenye gari la kale na azilinde karatasi zake kama alindavyo hati ya kiwanja.

KAZI YA KUFUFUA

Wengi hukosea kwa kuanza na rangi. Fundi mwelevu huanza chini. Chasisi ya Land Rover ni ya chuma chenye uwazi ndani, na kutu huila kutoka ndani kuja nje. Hugongwa kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti iliyokufa. Mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa. Hapo hutiwa kizuizi kabla ya kufunga nati. Baada ya chasisi hufuata breki na usukani, kisha injini na giaboksi. Rangi ni ya mwisho.

Tena si kila alama ya uzee ni uchafu wa kuondolewa. Mwaka 2018 watengenezaji wa Land Rover walitangaza kulifufua gari mojawapo lililoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, baada ya kupotea kwa miaka mingi. Waliazimia kuitunza rangi yake ya zamani iliyochakaa. Thamani haimo katika kung'aa. Imo katika ukweli.

NYUMBANI

Kazi hii ikifanyiwa uani, usalama wa watoto hutangulia. Bitana za breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lisipulizwe, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Kabla ya kuchomelea chuma, tangi la petroli litolewe liwekwe mbali, maana tangi tupu lenye mvuke hulipuka upesi. Na fedha ya karo na chakula isiguswe: gari lililosubiri miaka 50 laweza kusubiri mshahara mwingine.

Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, Tanzania, na umati ukajitokeza kuyatazama. Mengi yake ni magari yaliyokwisha kuitwa mikweche. Yalifika kwa sababu palikuwa na mtu aliyekataa kuyauza kwa kilo, na fundi aliyekubali kumfundisha kijana. Fundi mzee akiondoka bila mwanafunzi, hata gari lililotunzwa vema hubaki kuwa chuma tu.