Je, Wajua? Meli za Upeoni na Bima Inayofika Mpaka Kawe

Ukisimama ufukwe wa Kawe ukatazama baharini, nyuma ya Bongoyo na Mbudya mara nyingi utaona meli kubwa zikielekea bandari ya Dar es Salaam au zikitoka. Sisi huuliza imebeba nini. Watu wa bima huuliza mengine: inapeperusha bendera ya nani, nani ameikagua, na ikizama au ikimwaga mafuta, nani atalipa? Vituko vinavyotokana na maswali hayo ni vingi, na baadhi vimetokea kwetu.

Je, wajua kwamba bendera ya Tanzania imewahi kupepea kwenye meli ambazo hazikuwahi kutia nanga Tanzania? Nchi yoyote inaweza kusajili meli za wageni na kukusanya ada. Kwa upande wetu, daftari la meli za kimataifa limekuwa Zanzibar, chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Kuanzia Julai 1, 2012, Umoja wa Ulaya ulizizuia kampuni zake kuzikatia bima meli zinazobeba mafuta ya Iran. Hilo lilikuwa pigo zito kuliko manowari, kwa sababu meli isiyo na bima inayotambulika haipokelewi katika bandari nyingi. Meli za Iran zikaanza kubadili majina na bendera, na baadhi zikaibukia kwetu kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Kikwete kulalamika. Agosti mwaka huo meli 36 zikatangazwa kufutwa na mkataba wa wakala ukavunjwa.

Haikuishia hapo. Mwaka 2013 Waitaliano waliikamata meli ya Gold Star, yenye bendera yetu, ikiwa na tani 30 hivi za bangi. Mwishoni mwa Desemba 2017 ikakamatwa Kaluba karibu na Jamhuri ya Dominika ikiwa na dawa za kulevya, na siku chache baadaye Ugiriki ikaizuia Andromeda ikiwa na vilipuzi. Januari 2018 Rais Magufuli akasimamisha usajili wa meli za nje na kuagiza zaidi ya 400 zilizokwisha kusajiliwa zichunguzwe. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa kwenye orodha nyeusi ya Paris MoU, umoja wa wakaguzi wa bandari za Ulaya na Kanada. Meli ya bendera iliyomo humo hukaguliwa mara nyingi zaidi, na kampuni za bima huitilia shaka hata kabla ya kumwona nahodha wake. Mimi nasema ada ile ya usajili ilikuwa rahisi mno kwa jina lililochafuka.

Je, wajua kwamba wenye meli hujikatia bima wenyewe kwa wenyewe? Chuma chenyewe cha meli hukatiwa bima kwa kampuni za kawaida. Lakini madai ya watu wengine, kama mabaharia walioumia, gati lililogongwa au mafuta yaliyomwagika, hushughulikiwa na vilabu vinavyoitwa P&I. Ni vikoba vya matajiri: kila mwenye meli huchangia, hakuna wa kugawana faida, na mwaka wenye ajali nyingi wanachama huambiwa waongeze. Vilabu 12 vikubwa vina umoja wao, na kati yao vinabeba karibu asilimia 90 ya uwezo wa meli za masafa duniani. Dai likivuka dola milioni 10, klabu moja haibebi peke yake, vyote vinachangia.

Je, wajua kwamba meli imewahi kupanda mwamba kwa sababu ya kutafuta mtandao wa simu? Ni Wakashio, Julai 25, 2020, kisiwani Mauritius. Meli ilikuwa tupu, inatoka China kwenda Brazil, na uchunguzi ulionyesha kwamba ilisogezwa karibu na pwani ili wapate mtandao. Tani zipatazo 1,000 za mafuta yake yenyewe zikamwagika kwenye matumbawe. Mwenye meli alikuwa Mjapani, bendera ya Panama, nahodha Mhindi, na bima ilikuwa ya klabu ya Japani. Kilichonishangaza zaidi ni cha mahakamani: sheria ya bahari inamruhusu mwenye meli kuweka kikomo cha fidia anayolipa. Mauritius ilikuwa imeridhia mkataba wa kikomo wa mwaka 1976, Japani ule wa 1996, na tofauti ya fedha kati ya mikataba hiyo ni zaidi ya mara tatu. Nchi ndogo ndiyo iliyokuwa na karatasi ya zamani.

Kwa mafuta yanayobebwa kama shehena, Tanzania iko pazuri zaidi. Ni mwanachama wa Mfuko wa Kimataifa wa Fidia ya Mafuta wa 1992, na meli ikibeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta lazima iwe na cheti cha bima. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, Tanga. Meli za kuyachota mafuta hayo zitapita kwenye matumbawe yetu, kwa hiyo cheti kile si karatasi ya kabatini.

Tukiwa bado kwenye mikataba: ule wa dunia unaomlazimisha mwenye meli kuondoa mabaki ya chombo chake kilichozama unaitwa Mkataba wa Nairobi. Ulipitishwa Mei 2007 katika mji usio na bahari, na ulianza kutumika Aprili 14, 2015.

Je, wajua kwamba MV Skagit ilizaliwa Marekani? Ilijengwa mwaka 1989 na kwa miaka mingi ilivusha abiria kwenye maji yaliyokingwa ya Puget Sound, karibu na Seattle. Julai 18, 2012 ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikapinduka karibu na Chumbe. Julai ni mwezi wa kusi, na kila mvuvi wa Kawe anajua kusi linavyovuruga mkondo wa Zanzibar. Chini ya mwaka mmoja kabla yake, Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilikuwa imezama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Katika sheria ya bima ya Uingereza ya mwaka 1906, iliyoigwa na nchi nyingi, haitoshi chombo kuwa kizima. Lazima kifae kwa bahari ile hasa kinayokwenda. Anayeuza boti ya maji matulivu hauzi boti ya mkondo.

Na kujaza kupita kiasi kuna alama yake. Ukipata nafasi ya kuikaribia meli bandarini, tazama ubavuni katikati: kuna duara lililokatwa na mstari, na kando yake vistari vyenye herufi. S ni majira ya joto, W ni baridi, T ni tropiki, TF ni maji ya tropiki yasiyo na chumvi. Dar es Salaam iko tropiki, kwa hiyo hapa meli inaruhusiwa kuzama mpaka T, juu kidogo ya S. Mstari ukimezwa na maji, meli imezidishwa. Alama hiyo tunaihusisha na Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepiga kelele dhidi ya matajiri waliotuma meli mbovu baharini zikiwa na bima nono. Sheria ikapita mwaka 1876.

Je, wajua kwamba meli iliyotoka Dar es Salaam iliwatikisa watoa bima wa London? Manowari ya Kijerumani Königsberg iliondoka hapa Julai 31, 1914. Agosti 6 ikaiteka City of Winchester, iliyokuwa na shehena ya chai, meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kutekwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Serikali ya Uingereza ilikuwa tayari imejitosa kubeba asilimia 80 ya hasara za vita. Königsberg yenyewe iliishia delta ya Rufiji, Julai 1915. Mpaka leo ni kamati iliyoko London inayoorodhesha bahari zenye hatari. Enzi za maharamia wa Kisomali orodha hiyo ilitugusa, na mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen kwenye Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, yalizifanya meli nyingi zizunguke Afrika Kusini.

Gharama hizo humfikia hata mtu wa Kawe anayeagiza gari Japani. Tangu Januari 1, 2018, shehena inayoingia Tanzania inapaswa kukatiwa bima kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Tena kuna kanuni ya kale kwamba mzigo ukitoswa au gharama kubwa ikitumika ili kuokoa meli, wenye mizigo yote huchangia, hata ambao mali yao haikuguswa. Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, wenye makontena walitakiwa waweke dhamana kwanza ndipo wapewe mzigo. Aliyekuwa na bima aliiachia kampuni yake. Asiyekuwa nayo alitoa mfukoni.

Kwa hiyo ukiagiza gari, thibitisha kava yako kwa TIRA kabla meli haijang'oa nanga, na uliza masharti yake ni A, B au C. A ndiyo pana. C inalipa majanga makubwa tu kama kuzama, kuungua au kugongana, na haigusi wizi. Gari likifika bila redio na vioo vya pembeni ukiwa na C, hutalipwa kitu.